Pengo la Safu ya Pili

Kazi yangu msikitini ni mikeka. Naitandika kabla ya adhana, naikunja watu wakishatoka, na Jumamosi naianika juu ya yale mawe makubwa nyuma ya msikiti yanayoshuka mpaka ziwani. Sijaajiriwa na mtu, nimejipa mwenyewe, na ukiikanyaga na viatu tutagombana. Mimi si mtu wa kuficha hasira. Ijumaa, shehe akishasema tunyooshe safu, mimi ndiye ninayerudia kwa sauti: "Jazeni mapengo, jamani! Msimwachie shetani nafasi!" Nimeyasema maneno hayo miaka mingi mpaka watoto wa mtaani wananiita kwayo.

Basi akarudi kutoka gerezani bwana mmoja, jirani yetu wa zamani. Alikuwa amekamatwa stendi ya Nyegezi na begi lenye unga wa kulevya, akafungwa, akatumikia kifungo chake chote. Mtaani kwetu Waislamu tunahesabika, majirani wengi ni Wakristo, kwa hiyo habari kama ile niliiona imetupaka matope sote. Ijumaa ya kwanza alikuja na kanzu iliyopauka, akatoa salamu mlangoni. Waliojibu walijibu chini chini. Akaenda kusimama safu ya pili, mwisho kabisa wa kushoto, karibu na dirisha. Mtu wa kusimama kuliani kwake nilikuwa mimi.

Sikusogea. Nasema kweli, sikusogea. Niliacha nafasi ya mtu mzima mmoja kati yetu, na hapo nimetoka sasa hivi kupiga kelele za kujaza mapengo. Shehe aliona. Baada ya swala alizungumza taratibu kwamba mtu akitubu, Mola humfutia, sasa sisi ni nani hata tumwandikie upya? Watu wakatikisa vichwa kukubali. Ijumaa iliyofuata pengo likawa palepale, na hata wa safu ya nyuma hakuna aliyekuja kuliziba.

Nyumbani wakati wa kula nilimwambia mama na mdogo wangu: "Muuza unga na teja, wote lao moja. Nikisikia mtu wa nyumba hii anaongea na yule, nitamkana mbele za watu." Mama alisema niache kuapa mbele ya chakula. Mdogo wangu, aliyekuwa anapakia mizigo kwenye kivuko cha kwenda Kamanga, alikuwa anachambua miiba ya sato. Hakukimaliza kile kipande.

Tangu wiki hiyo mkeka ukaanza vituko. Nilipokuwa naukunja nilikuta penye pengo pamelowa. Nyayo mbili, zimeelekea kibla, ambako kwetu ni upande wa ziwa. Nikajisemea, kuna mtu katoka kutawadha kapita hapa. Ijumaa ya pili, zipo. Nikautoa ule mkeka, nikatandika mwingine uliokuwa juani tangu asubuhi, mkavu kabisa. Zikaja. Paa halivuji, na kiangazi kile hata tone la mvua hatukuliona. Niliinama nikanusa. Palinuka ziwa, ile harufu ya magugu maji yaliyooza.

Ijumaa ya nne tulikuwa tumesimama, jua linapiga dirishani, nikahisi kidole kidogo cha mguu wangu wa kushoto kimeguswa. Baridi! Baridi ya kitu kilichokaa majini muda mrefu. Nikauondoa mguu, sikuthubutu kutazama chini. Nilipotoa salamu upande wa kushoto hapakuwa na mtu, ila yule bwana kule mwisho, ameinamisha kichwa, na nje ya dirisha korongo watatu juu ya mawe wakituangalia. Jasho lilinitoka mchana kweupe. Na nani nilimlaumu? Yeye. Nikawaambia watu katuletea mambo yake ya gerezani, na watu wakaniamini.

Miezi miwili ikakatika hivyo, baridi ile ikinigusa kila Ijumaa. Jumatano moja jioni mdogo wangu alikwenda kuoga ziwani, kama kawaida yake, asirudi. Alhamisi asubuhi wavuvi walimkuta kwenye mawe yaleyale ninapoanika mikeka. Mwili ulikuwa majini. Miguu tu ndiyo iliyokuwa juu ya jiwe.

Mzee anayetuoshea maiti alikuwa kitandani anaumwa. Wengine, mtu aliyekufa maji wanamwogopa, kila mmoja akawa na udhuru wake: huyu mgongo, yule safari. Mimi mwenyewe sikuwahi kuosha. Yule bwana akatokea mlangoni, akasimama nje ya kizingiti. "Naweza kuosha mimi," alisema. "Kule ndani nimewaosha wengi." Nilitaka kumfukuza. Mama akasema, "Mwache aingie. Kwani nani mwingine amekuja?"

Tukafunga mashuka uani, tukaingia wawili tu, yeye anaosha, mimi namimina maji. Jamani, alikuwa na mikono mipole mtu yule! Alimtawadhisha kama mtu anayejiandaa kuswali: mikono, uso, kichwa. Akafika miguuni, akapitisha kidole chake katikati ya vidole, kama tunavyotakiwa. Akasita. Nikainama nami nikaona. Baina ya kidole gumba na cha pili palikuwa na vidoti vyeusi, vingi, vimerundikana. Sindano. Mtoto wa mama yangu alikuwa anajichoma sindano mahali ambapo hakuna mtu angepatazama.

Mama alikuwa nyuma ya shuka, hatua tatu, na uani pamejaa watu. Neno moja la yule bwana lingetosha, na mama angemzika mwanawe pamoja na jina lake. Mwislamu yeyote anajua kwamba muoshaji akiona aibu ya maiti huisitiri. Mimi pia najua. Najua vitu vingi. Lakini ningekuwa mimi, na wao ndio wamenitendea vile, ningesema.

Aliniangalia. "Maji, kaka."

Nikamimina. Aliuosha ule mguu kuliko viungo vingine vyote, kisha akaufunika. Nilimnong'oneza kwa hasira, "Wewe ndiye uliyempa?" Akajibu, "Tumalize kwanza. Yuko mbele yetu." Alinipa mguu niushike wakati anamgeuza. Nikaijua ile baridi. Nilikuwa nimesimama nayo safuni Ijumaa kadhaa.

Tulipotoka mama akamshika mkono. "Umemwonaje mwanangu?"

"Ametakata, mama. Kama siku uliyomzaa."

Mama akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Nyuma kule mzee mmoja akasema bila hata kupunguza sauti: "Muuza unga kumwosha mtoto wa watu! Nani ajuaye kama si yeye aliyemharibu?" Yule bwana alitazama chini tu. Angeweza kujitetea, lakini utetezi wake ulikuwa miguuni mwa mdogo wangu. Nami nilinyamaza. Mimi, mwenye mdomo, nilinyamaza.

Jeneza likawekwa uwanjani mbele ya msikiti, mikeka nimetandika mimi. Akaenda mwisho wa safu ya pili. Shehe akasema tunyooshe safu, watu wakanisubiri. Nikasogea kushoto, nikaingia kwenye pengo.

Yule bwana alisema polepole, hakunigeukia. "Miezi miwili alikuwa anakuja kwangu. Alikuwa anajitahidi kuacha. Aliniambia kesho, Ijumaa, angesimama hapo ulipo."

Nikatazama mkeka pale niliposimama.

"Hakumwogopa mtu mwingine," akasema. "Alikuogopa wewe."

Takbiri ya kwanza ikapigwa. Nikauweka mguu wangu wa kushoto ubavuni mwa mguu wake. Ulikuwa na joto, kama mguu wa mtu yeyote. Kuliani kwangu, pale nilipotoka, hakuna mtu aliyesogea. Niliona kwa pembe ya jicho wanavyotazama mbele, nafasi ya mtu mzima mmoja imebaki wazi. Kisha kidole kidogo cha mguu wangu wa kulia kikaguswa. Baridi ileile.

Safari hii sikuuondoa mguu.