Mguu wa Ishirini na Tatu

Barua ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo saa moja asubuhi, na kabla ya saa mbili kila mtu wa kiwanda cha chai cha Mlesheni alikuwa ameisoma au amesomewa. Ilisema kwamba kilo mia nne za chai zimeungua siku ya Jumanne kwa uzembe wa fundi umeme, Yudith Shemhilu, aliyeunga waya za kengele ya tahadhari kwa vifaa visivyofaa. Fundi huyo amesimamishwa kazi. Ijumaa atajieleza mbele ya meneja, na asiporidhisha, ataachishwa.

Yudith aliisoma mara mbili akiwa amesimama wima, mkoba wa vifaa begani. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Ishirini na moja kati ya hiyo alikuwa ameimalizia humo humo kiwandani, kwenye milima hii ya juu ya Bungu, tangu kiwanda kikiwa mali ya umma hadi kilipouzwa kwa mwekezaji mwaka wa tisini na saba. Wenzake themanini walipunguzwa mwaka huo. Yeye alibakizwa kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kila waya unaanzia wapi na unaishia wapi. Na sasa, miaka miwili tu baadaye, jina lake limebandikwa kama la mwizi.

"Uzembe," alisema kwa sauti. Wanawake wa kuchambua chai waliokuwa nyuma yake walirudi hatua moja.

Hasira yake ilikuwa na mizizi miwili. Mzizi wa kwanza ulikuwa mpira wa baiskeli. Katika miaka ya uhaba, wakati sabuni yenyewe ilikuwa hadithi, utepe wa umeme haukupatikana Lushoto wala Korogwe wala Tanga. Yudith alikata tyubu za baiskeli vipande vyembamba, akavivuta mpaka vikaribie kukatika, akazungushia kila kiungo cha waya mara saba, kisha akafunga kwa uzi uliopakwa nta. Kiungo cha namna hiyo hakikuingiwa na maji hata ukungu wa Julai ukikaa wiki nzima. Kiwanda kizima kiliendeshwa na viungo hivyo. Alipewa hadi cheti cha mfanyakazi bora, na kiongozi wa wilaya akamshika mkono.

Jumanne ile ile chai ilipoungua, Injinia Davis alikishika kimoja cha viungo hivyo kwa vidole viwili, kama anayeokota panya aliyekufa, akamwonyesha meneja.

"Tazama, meneja. Mpira wa baiskeli. Hiki ni kiwanda au gereji ya kuziba pancha?"

Davis alikuwa na miaka ishirini na saba. Alitumwa kutoka ofisi kuu ya Dar es Salaam kufunga bodi ya kielektroniki ya kuongoza draya, ile mashine kubwa ya kukaushia majani. Tangu afike miezi mitatu nyuma hakuwahi kumwamkia Yudith shikamoo hata siku moja. Alisema, "Vipi mama," akapita. Yudith alilivumilia hilo kwa kuuma meno, kwani mwenye elimu nyingi huenda akasahau elimu ya nyumbani.

"Waya ni mzima," Yudith alimwambia siku hiyo. "Nimeupima kutoka kwenye bodi hadi kwenye kengele. Bodi ndiyo haikutoa amri."

Davis alicheka. "Mama, bodi imetoka Ulaya. Programu nimeiandika mimi. Kompyuta haisahau na haisinzii. Binadamu ndiye anayesinzia."

Kuaminiwa kwa bodi kuliko binadamu, huo ndio ulikuwa mzizi wa pili, nao ulikuwa mchungu kuliko wa kwanza.

Kwa maana Mzee Salimu, aliyeisimamia draya tangu enzi za Wazungu wa shamba, alikuwa ameinusa chai ikianza kuungua. Pua ya Mzee Salimu ilijulikana mpaka Magamba. Lakini kulikuwa na amri mpya iliyobandikwa mlangoni: kengele isipolia, mtu asiguse draya, asifungue mlango wake, asipunguze moto. Mara mbili mzee alikuwa amepewa onyo la maandishi kwa kufungua mlango kwa sababu ya "kunusanusa". Jumanne akanusa mara ya tatu, akamwendea msimamizi wa zamu, naye akamwambia, "Ngoja kengele, mzee." Wakangoja. Watu wazima wanne walisimama mbele ya mashine inayotoa moshi, wakingoja ruhusa ya kengele.

Yudith alitoka kwenye ubao akaenda moja kwa moja ofisini. Lightness, karani wa meneja, aliinua uso kutoka kwenye taipureta.

"Mama Pendo, pole. Mimi nimechapa tu, sikuitunga."

"Najua. Kile kitabu kilichokuja na bodi kiko wapi?"

"Kitabu gani?"

"Kinene. Cha bluu."

Lightness alifikiri, kisha akaangalia mlangoni. Kitabu kilikuwa sakafuni, kimeuzuia mlango usijifunge kwa upepo.

"Chukua," alisema. "Nitatafuta jiwe."

Jumatano na Alhamisi, Yudith alikaa kwenye kibaraza cha nyumba yake ya kiwanda na kurasa mia nne za Kiingereza mapajani. Kiingereza chake kilikuwa cha masista wa Gare, kilichofundishwa kwa fimbo ya mkwaju. Hakikuwa kitamu lakini kilikuwa imara. Alisoma akiwa na penseli na kamusi, jirani wakipita na kumsemesha kwa Kishambaa naye akijibu bila kuinua kichwa. Hakusoma kwa kupenda elimu. Alisoma kama mtu anayetafuta nyoka ndani ya nyasi za paa, akijua yumo.

Alikuwa na dalili moja. Wiki iliyopita, alipokuwa akifuta vumbi kwenye paneli, alisikia ile relei ya kengele, swichi ndogo inayoamriwa na bodi, ikigonga. Mlio mdogo, kama ukucha juu ya bati, halafu kimya. Baada ya dakika moja, tena. Relei ya kengele haina sababu ya kugonga kila dakika. Ni kitu gani kiwandani kilichotokea kila dakika? Kimoja tu. Wiki tatu nyuma, Dar es Salaam walipotaka kujua joto la draya, Davis alibadili programu ili bodi itume ripoti kwenye kompyuta ya ofisini kila dakika.

Alimkuta nyoka ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili.

Ile chipu kubwa iliyo katikati ya bodi, ubongo wake, ilikuwa na miguu zaidi ya sitini, na miguu mingi haikuwa na kazi moja. Mguu wa ishirini na tatu, uliounganishwa na relei ya kengele, ungeweza kuwa swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima. Ungeweza pia kuwa njia ya kupelekea ripoti, au mdundo wa saa. Mguu wenyewe hauchagui. Mwandishi wa programu ndiye anayeuchagulia, kila umeme unapowashwa, kwa kuandika namba kwenye rejista, yaani chumba kidogo cha kumbukumbu ndani ya chipu. Rejista ile ilikuwa na biti nane, yaani nafasi nane za sifuri au moja, na kila biti mbili ziliamua kazi ya mguu mmoja. Miguu minne ilikaa chumba kimoja. Mmoja ulikuwa wa arobaini na moja, ule uliokuwa na waya wa kwenda kompyuta ya ofisi. Jirani yake chumbani alikuwa wa ishirini na tatu.

Yudith alifunga kitabu, akasonya mpaka kuku wakakimbia. Ni kama mtu mmoja aliyeajiriwa kuwa mlinzi na tarishi. Ukimpa barua apeleke Korogwe, lango limebaki tupu, na wezi wakiingia usimlaumu aliyejenga lango.

Ijumaa saa tatu aliingia kwa meneja. Bwana Alfred alikuwa mtu mzima, mpole wa sura, mwenye kupenda mambo yaishe. Davis alikaa kulia kwake. Mzee Salimu alikaa pembeni kama mwakilishi wa wafanyakazi, kofia mkononi.

"Mama Yudith," meneja alianza, "ukikiri kosa, tunaweza kuangalia namna..."

"Sikuja kukiri. Naomba twende kwenye draya."

"Hiki ni kikao, mama," Davis alisema.

"Na mimi ndiye ninayeachishwa kazi kwenye kikao hicho. Twendeni."

Mzee Salimu alishasimama. "Twende, mgosi," alimwambia Davis, kwa Kishambaa cha kumwita bwana. "Miguu haitakuuma."

Draya ilikuwa imezimwa na majani mabichi yalikuwa yakisubiri. Yudith alifungua paneli, akachomoa waya wa kengele kwenye relei, akaugusisha kwenye betri. Kengele ililia kiwanda kizima. Akauondoa.

"Huo ndio waya wa mpira wa baiskeli," alisema. "Umesikia?"

Yudith aliurudisha waya mahali pake, akawasha bodi, akaweka ncha ya chuma cha kulehemu juu ya kipima joto cha draya. Namba kwenye kioo zilipanda: tisini, mia na kumi, mia na thelathini. Kengele kimya. Mia na hamsini. Kimya. Relei ikatoa ule mlio wake wa ukucha.

"Basi bodi imekufa," Davis alisema. "Itabidi tuagize nyingine."

"Haijafa. Imetumwa Korogwe."

Hakuna aliyemwelewa, naye hakungoja aeleweke. Alizima umeme, akatoa mfukoni kopo la dawa ya mbu, na ndani yake, juu ya pamba, chipu ndogo inayohifadhi programu. Ndiyo ile ya kwanza, ambayo Davis aliing'oa wiki tatu nyuma akaitupa kwenye pipa la karakana. Mtu aliyeishi miaka ya uhaba hatupi kitu chenye miguu ya shaba. Aliing'oa mpya kwenye soketi kwa bisibisi nyembamba, akaibana ya zamani, akawasha. Chuma cha moto juu ya kipima joto. Tisini. Mia. Mia na kumi.

Kengele ililia. Safari hii hakuizima. Aliiacha ilie mpaka wachambuzi wakatoka nje mbio na matingo wa lori wakaja kuchungulia, na meneja akaziba masikio kwa mikono miwili.

"Inatosha! Mama, inatosha!"

"Jumanne ingelia hivi," Yudith alisema alipoizima. Alifungua kitabu, akakiweka mikononi mwa Davis. "Soma hapo. Kwa sauti."

Davis alisoma kimoyomoyo. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo.

"Zako zilikuwa biti mbili tu," Yudith alisema. "Za mguu wa arobaini na moja. Ungezigusa hizo, ukaacha za jirani kama zilivyo. Wewe umeandika chumba kizima, zote nane, umeipa miguu miwili kazi ya kupeleka ripoti. Kengele imekuwa tarishi. Namba hiyo uliitoa wapi?"

"Kwenye mfano wa watengenezaji," Davis alisema kwa sauti ya chini. "Nilinakili. Kwenye bodi yao ya mfano, mguu wa ishirini na tatu hauna kitu."

"Huku una kengele. Una pua ya huyu mzee mliyoifungia mdomo. Una jina langu. Hukuuliza, hukupima, ukaona mpira wa baiskeli ukasema umempata mwizi."

"Samahani, mama."

"Shikamoo ungeanza nayo miezi mitatu iliyopita. Samahani ikae kwanza."

Mzee Salimu alikohoa ndani ya kofia yake.

Kufikia saa sita Davis alikuwa amesahihisha programu. Sasa ilisoma kwanza kilichomo kwenye rejista, ikabadili biti zake mbili, ikarudisha nyingine kama ilivyozikuta. Kengele na ripoti vikafanya kazi pamoja. Bwana Alfred alifurahi. Alimwita Yudith ofisini, akampa barua mpya iliyotoka kwenye taipureta.

Ilisema kwamba uongozi, kwa kuzingatia utumishi wake wa muda mrefu, umemsamehe na kumrudisha kazini.

Yudith aliirudisha mezani. "Anayesamehewa ni aliyekosa."

"Mama Yudith, kazi umerudishiwa. Unataka nini tena?"

"Ya kwanza ilikuwa na jina langu na neno uzembe. Hiyo ndiyo watu waliyoisoma."

Lightness alichapa nyingine. Hii ilisema kumetokea hitilafu ya kiufundi. Yudith aliisoma akiwa amesimama, kisha akairudisha vilevile.

"Hitilafu haina mkono, bwana meneja. Jumanne mkono wangu mliuona."

"Unataka nimwaibishe Injinia mbele ya wafanyakazi?"

"Mimi mliniaibisha mbele ya nani? Mbele ya miti?"

Meneja alitazama dirishani. Majani yaliyosubiri tangu asubuhi yalikuwa yakizidi kunyauka, na draya haikuwa na fundi mwingine wa kuiwasha. Alijua hilo, na alijua kwamba Yudith analijua. Alimpungia Lightness mkono: andika anavyosema.

Yudith alimtajia polepole, neno kwa neno. Chai ya Jumanne iliungua kwa sababu programu ya bodi, iliyoandikwa na Injinia Davis, iliinyima kengele amri. Waya za fundi Yudith Shemhilu zilipimwa na kukutwa nzima. Mzee Salimu alionya na hakusikilizwa. Barua ya kwanza ilikuwa ya makosa.

Bwana Alfred alitia sahihi bila kuketi. Yudith alibandua ile ya kwanza ubaoni kwa mkono wake, akabandika hii kwa pini nne, moja kila pembe. Wachambuzi walikusanyika, na mmoja asiyejua kusoma akaomba asomewe. Akasomewa mara mbili.

"Sasa umeshinda, mama Pendo," Mzee Salimu alisema walipokuwa wakielekea kwenye draya. "Mbona bado umenuna hivyo?"

"Sijashinda, mzee. Nimerudishiwa kilichokuwa changu. Mtu hashangilii hilo."

Aliwasha moto. Alikuwa bado na hasira jioni ile, na Jumapili kanisani, na wiki iliyofuata pia, na hakuona sababu ya kuiharakisha iondoke.