Kontena Zima Lililobaki Mombo

Katika biashara hakuna cha kunishangaza. Nimeishia darasa la saba, lakini nimetoka kuuza karoti Mlalo hadi kuagiza matairi ya mtumba kutoka Dubai. Wakala wangu wa bandarini alinishauri nisichanganye mzigo na watu: "Bosi, chukua kontena zima, liwe lako peke yako." Nikalipa.

Likashushwa kwa winchi kwenye kiwanja changu Mombo, maana gari refu namna ile haliziwezi kona za kupanda Lushoto. Matairi nikayapandisha kwa Fuso. Kontena lenyewe nikamwita fundi akalikata mlango na madirisha mawili, tukalipaka kijani. Likawa duka ambalo abiria wa mabasi walikuwa wanalipiga picha.

Wakala akapiga simu. "Shikamoo bosi. Kontena tupu linarudi lini?"

"Lirudi wapi? Si ulisema ni langu peke yangu?"

"Nafasi ya ndani, bosi. Boksi ni la wenye meli."

"Basi waambie limeota madirisha."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini duka lile sikuwa tayari kulikosa, na wenye meli wakakubali kuniuzia: shilingi milioni saba, laki mbili na elfu arobaini.