Gari Lisilosema Linakokwenda

Marehemu mume wangu aliniachia nyumba ya vyumba viwili Buyenzi, dada yake mwenye mdomo mkali, na Corolla nyeupe ya teksi. Nyumba nikaishi, wifi nikamvumilia, gari nikaliendesha mwenyewe. Wanaume wa mtaani walicheka. Walisema mwanamke wa Kiislamu akishika usukani, ujue dunia imefika mwisho. Vita vilipoingia Bujumbura niliwauliza kama na hivyo nimevileta mimi na Corolla yangu. 

Kitu cha kwanza nilichojifunza wakati ule ni kwamba gari lina mdomo. Ukisimamishwa kwenye bariyeri, yaani kizuizi cha barabarani, mtu anaingiza mkono dirishani, anabonyeza kidude, kaseti inatoka, anaitazama. Nani anaimba? Kwa lugha gani? Katoka upande gani? Kama hakuna kaseti, anawasha redio asikie umeiacha kwenye stesheni ipi. Wimbo wa mapenzi tu uliweza kukutia upande ambao hukuuchagua. Dereva mwenzangu alipigwa mpaka meno yakamtoka kwa sababu ya kaseti iliyosahauliwa na abiria. Niliposikia hivyo nilikwenda moja kwa moja kwa fundi nikamwambia aing'oe redio yangu. Alisikitika sana, maana ilikuwa redio nzuri ya Kijapani, akanishauri niifiche tu. Nikamwambia aitoe mimi nikiona. Palipobaki tundu nilichomeka kipande cha kanga.

Halafu njia. Abiria wangu niliwakataza kutaja wanakokwenda. Mtu akiingia na kuanza, "Mama, unifikishe kwa…" nilimkatiza papo hapo.

"Apana. We sema mbele, kushoto, kuume. Tukifika utasema simama."

Na hata tukifika sikumfikisha mtu mlangoni. Nilimshusha kwenye kona, nikageuza gari, wala sikuangalia anaingia wapi. Wapo walioniona nina maringo. Lakini walikuja watu, si mara moja, kuniuliza yule kijana wa shati la bluu nimempeleka wapi, na mimi niliapa kwa jina la Mungu kwamba sijui, na sauti haikutetemeka kwa sababu kweli sikujua. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi sikutaka kuwa kata ya mtu.

Ndipo binti yangu wa pekee akaposwa.

Mchumba alikuwa muuza vitambaa, mpole, anayesali, kijana ambaye mama yeyote angemshukuru Mungu kwa kumpata. Kasoro yake ilikuwa moja. Mtaa wao ulipochomwa, aliwaficha majirani ndani ya stoo yake, na waliokuwa wakiwatafuta majirani hao hawakumsamehe. Nyumba yake waliichoma. Yeye akahama, na alikohamia hakuna aliyepajua isipokuwa watu wa kwao. Sasa fikiria: mwanamume amejificha, lakini ana harusi. Unamtafuta wa nini? Kaa tu, umfuate bibi harusi.

Wifi yangu aliliona hilo kabla yangu. Alikuja akaketi jikoni bila hata kuomba chai.

"Mutoto aondoke kimya," alisema. "Avae buibui, abebe kikapu, mutu akimuona aseme anaenda soko."

Nilimwambia akome. Kwetu Buyenzi, bibi harusi anatoka kwa matari na vigelegele, magari yanapiga honi mpaka mtoto aliyelala anaamka. Anayetolewa kimya ni yule aliyeharibikiwa, na majirani watahesabu miezi kwa vidole. Mwanangu alikuwa ametulia miaka yote ya vita, akisoma na kushona, hajanitia aibu hata siku moja. Aondoke kama sukari ya magendo? Nilisema maneno mengi siku ile, na mengine sitayaandika hapa.

"We unataka sauti," wifi alinijibu. "Mi nataka mutoto apone."

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa na haki. Nami nilikuwa na haki. Tulinuniana, tukawa tunasalimiana kwa kutumia watu.

Jawabu nililipata siku nilipomjaribisha binti shela. Nilimfunika kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama desturi inavyotaka, nikarudi nyuma nitazame. Sikumwona mwanangu. Niliona kitambaa tu, na ndani ya kitambaa kile angeweza kuwa mtu yeyote. Nilivaa kandambili zangu, nikaenda kwa wifi, nikamwita uani.

"Wifi," nikamwambia, "hautaki kuolewa tena?"

Alinitazama kama mtu aliyeona mwenzake amerukwa na akili. Nilipomweleza, alicheka mpaka akashika ukuta. Ndiyo ilikuwa siku ya kwanza tangu mazishi ya kaka yake kumsikia anacheka.

Nikahi ilifungwa na wakili wa bwana harusi. Mwenyewe hakukanyaga Buyenzi. Baada ya sala ya adhuhuri watu walijaa barabarani, wema na wabaya, na wabaya niliwajua, walikuwa wawili wameegemea ukuta wa jirani wakijifanya wanakula karanga. Mlango ukafunguliwa. Akatoka bibi harusi. Nyuma yake akatoka bibi harusi. Nyuma yake, taratibu, akishikiliwa huku na huku, akatoka bibi harusi mnene kidogo.  Kisha wanawake wakaelewa, na vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia tena maisha yangu. Wale wa karanga waliacha kutafuna.

Magari yalikuwa matatu. Moja lilimchukua mpwa wangu, aliyevaa shela la pili, kuelekea Mutanga Nord. La pili lilimchukua wifi kuelekea Buterere. Langu, lenye mwanangu ndani, likashika njia ya kusini. Madereva wengine sikuwaambia wamembeba nani. Kila gari lilikuwa na wanawake wa kuimba, na amri yangu ilikuwa moja: kaseti hapana, redio hapana, tunaimba kwa vinywa vyetu wenyewe, na wimbo uwe wa kumtania mama mkwe, kwa maana mama mkwe hana upande.

Mimi mwenyewe sikujua tunakokwenda. Nilikuwa nimekataa kuambiwa. Nyuma yangu aliketi shangazi wa bwana harusi, mkono wake uko begani kwangu. Akigonga bega la kushoto, nakata kushoto. Akigonga la kulia, nakata kulia. Wengine wanaimba, yeye anagonga, na anayetutazama anaona mwanamke anayepiga ngoma kwa furaha mgongoni mwa dereva.

Kwenye bariyeri askari alitusimamisha. Alizunguka gari, akatazama permi yangu ya udereva juu chini, kisha akaingiza mkono na kuvuta ile kanga. Vidole vyake vikaingia kwenye tundu tupu.

"Redio iko wapi?"

"Niliitoa."

"Sasa muziki inatoka wapi?"

"Ni siye wenyewe."

Hakuamini. Alisema tuimbe. Hakuna aliyeanza, kwa sababu mwimbaji aliyenyamaza kwa woga hawezi kuanza tena kirahisi. Nikaanza mimi, na mimi sauti yangu ni ya kuku. Nilimwimbia mama mkwe afungue mlango, mzigo umefika, asiulize mzigo unakula nini. Wanawake wakapokea. Askari alijitahidi kubaki na uso wa kazi, lakini mwenzake aliyekuwa kwenye mti wa kizuizi alikuwa tayari anapiga makofi.

"Munamupeleka wapi?" aliuliza yule wa kwanza.

"Kwa bwana yake."

"Bwana yake anakaa wapi?"

"Mi sijui, mwanangu. Naenda tu mbele, nitaona."

Akacheka. Akasema mimi ni dereva wa ajabu, akainua mti. Niliendesha bila kukanyaga mafuta kwa nguvu, kama mtu asiye na haraka, na jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kiunoni.

Tulipofika Kibenga, mgongo wangu ukagongwa mara moja katikati, maana yake simama. Kwenye kona lilikuwa gari jingine linanguruma. Binti yangu alishuka. Nilimkumbatia na shela lake lote, nikamwambia asigeuke nyuma, kisha nikageuza gari langu kuelekea mjini kabla lile jingine halijaondoka. Huenda walikwenda mbele. Huenda walirudi mjini kwa njia nyingine. Sikutazama kwenye kioo. Nililia njia nzima, na wanawake waliobaki garini hawakuacha kuimba, kwa sababu niliwaambia wakiacha nitawashusha.

Nyumbani nilimkuta wifi ameketi mkekani kama malkia, sketi imejaa tope. Gari lao lilikuwa limezama Buterere, kwenye barabara ya mashamba ya mpunga, na watu walitoka majumbani kulisukuma. Wanawake wa kule wakataka kuona hina ya bibi harusi, kama wanawake wote wanavyotaka. Hapo ndipo tulipokosea. Mashela matatu tulishona, hina tulimpaka mmoja. Wifi alitoa mkono dirishani, mweupe wa sabuni ya kufulia, na makunyanzi yake yote.

"Wakasemaje?" niliuliza.

"Walitazamana. Nikawaambia, musishangae, bwana naye ni muzee." Akajifuta machozi ya kicheko. "Wakanipa ndizi."

Wale wala karanga walikuja kesho yake. Hawakupiga kelele, waliuliza kwa adabu tu, wakiwa wamesimama mlangoni mwangu bila kuvua viatu. Waliuliza binti anakaa wapi siku hizi, ili wampelekee zawadi. Nikashika msahafu mbele yao nikaapa kwamba sijui. Mmoja alinikazia macho muda mrefu. Mimi nami nilimkazia. Walikuwa wameshasikia Mutanga, wameshasikia Buterere, wameshasikia kusini, na mtaa mzima ulikuwa unabishana na kuongeza sehemu nyingine za kutunga. Wakaondoka na hawakurudi. Nilijiona mshindi wa vita vile, sisemi uongo. Wakubwa walikuwa wanakwenda nchi za watu kuzungumza amani, na mimi nilikuwa nimeshashinda vyangu.

Lakini fungate ilipita, na mwezi ukapita, na nikagundua kwamba mama asiyejua mwanawe analala wapi naye halali.

Akaja mwenyewe, asubuhi, amepita katikati ya soko uso wazi, amenenepa. Nilimpikia wali na samaki, nikamtazama anakula. Ulimi uliniwasha. Niliuma mdomo, nikaacha, nikauma tena. Mwishoni alisukuma sahani.

"Mama, usiniulize ni wapi."

"Sikuulizi."

Akainama akanong'ona sikioni kwangu, ingawa tulikuwa peke yetu. Miaka ile yote sisi sote tulilala na nguo za mchana, viatu vikiwa karibu na mkono, tayari kukimbia. Yeye alikuwa ameingia utu uzima hajui kulala namna nyingine.

"Usiku navaa gauni la kulala," aliniambia.

Nilisimama pale jikoni nikapiga kigelegele mpaka wifi akaja mbio akiwa na mwiko mkononi.