Mzigo Upo Bandarini

Nyumba yangu ya Boko ina vyoo vitatu, na nimeijenga kwa randa na msumeno. Naanza na hilo ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Darasa la saba nilimaliza nikiwa nimekaa karibu na dirisha, sikufaulu kwenda popote, na baadhi ya wenzangu waliofaulu leo wanakuja kwenye karakana yangu kununua mlango wa choo na kuomba niwapunguzie. Huwa nawapunguzia.

Nilifika mjini kutoka Singida na nguo za kubadilisha na patasi mbili za marehemu baba. Miezi kadhaa nililala juu ya meza ya kazi ya fundi mmoja kule Mtoni, Temeke. Siku moja bibi wa mtaa ule, mwenyeji wa hapo tangu kwa babu zake, akanisimamisha akaniuliza kama naweza kumtengenezea mlango wa mbele wa nyumba yake. Nikasema naweza. Akauliza kama nina mninga mkavu. Nikasema ninao. Akanipa hela yote kabla sijagusa ubao.

Mlango ule ulizaa karakana, karakana ikazaa kiwanja, kiwanja kikazaa vyoo vitatu. Nimeihadithia habari yake harusini, msibani na kwenye foleni ya benki. Kila niliyemfundisha ufundi aliisikia siku yake ya kwanza, na wengine siku ya pili pia.

Sasa ishu ya mtandao. Kuna kipindi kazi ilipungua. Watu wa Mbweni wanaojenga nyumba mpya walikuwa wanapita na magari yao, wanaviangalia vitanda vyangu nilivyovipanga kando ya barabara ya Bagamoyo, halafu wanaenda kununua vya kwenye simu. Jirani yangu anayeuza vigae akaniambia kuna kijana anafundisha kupata hela za haraka mtandaoni, darasa la siku moja, Jumamosi, kwenye ukumbi wa baa. Muziki unazimwa mpaka darasa liishe. Nikaenda. Mie ndiye niliyekuwa mkubwa kuliko wote, na mie peke yangu niliyekuwa na penseli sikioni.

Mwalimu alikuwa amevaa suti bila soksi. Alimwita kila mtu bosi wangu.

"Bosi wangu, neno 'sina' ni la maskini," akasema. "Kuanzia leo hulijui."

Nikaandika.

"Picha kwanza, bidhaa baadaye. Mteja akishalipa, bidhaa inajileta yenyewe."

Nikaandika na hilo. Bei usiweke, anayeuliza mwambie aje inboksi. Mahali ulipo usitaje, maana mteja akijua upo Boko atakuchukulia ki-Boko. Na kila anayekuandikia umwite mpendwa.

Nikanyoosha mkono. "Na wanaume?"

"Na wanaume, bosi wangu."

Akasema tukifuata hayo kwa mwezi mmoja tutakuwa tunaamka tunakuta hela zimeingia sie tumelala. Hapo alinipata. Mie nalala vizuri sana, mke wangu shahidi, na miaka yote hiyo sikuwahi kulipwa hata senti kwa kazi hiyo.

Nikafungua ukurasa. Kwanza niliweka picha saba za kazi zangu, kisha nikazifuta, kwa sababu zilionyesha maranda chini na kuku wa jirani. Nikachukua picha za kwenye mtandao: vitanda vya ngozi nyeupe, vitanda vyenye taa chini ya uvungu, na kimoja cha duara, kama sinia, juu yake mito kumi na moja. Nikaandika: Fenicha za nje na za ndani, mikoani tunatuma.

Wiki ya pili mke wangu akaja karakana na simu yangu mkononi.

"Baba watoto, huyu mpendwa ni nani?"

"Mpendwa yupi?"

"Uliyemwandikia, 'Karibu mpendwa, lipo, unalitaka lini.' Lipo nini?"

"Kabati."

Akashusha macho tena kwenye simu. "Na huyu, 'Mpendwa njoo inboksi tuyamalize'?"

"Huyo ni mwanaume. Anataka fremu za madirisha."

Akanirudishia simu. Akasema bora angekuwa mwanamke, hilo angelielewa.

Watu waliuliza sana na kununua kidogo. Lakini mie sijazoea kushindwa, kwa hiyo nilipoenda Mtoni sikukuu ya Idi nilijisifu kama kawaida. Mie Mkristo, ila kila Idi nampelekea yule bibi mchele na sukari, halafu tunakaa barazani anakula sifa zangu pamoja na tende. Safari hii nikamwonyesha simu.

"Bibi, siku hizi naagiza mpaka nje. Chochote unachokiona humu, ninacho."

Bibi akaishika simu mbali na macho. Mjukuu wake, binti aliyemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki, alikuwa anaolewa mwezi unaofuata. Akainama begani kwa bibi yake, akawa anapeleka picha kwa kidole. Akafika kwenye cha duara.

"Anko, na hiki kipo?"

"Kipo."

Bibi akaingia ndani, akatoka na bahasha. Kama zamani, hela yote, kitu hakijaguswa.

Asiyejua mambo ya pwani anaweza kudhani kitanda ni kitanda. Upande wa binti ndio unaopeleka vyombo kwa mume, siku chache kabla ya harusi, kwa ngoma. Somo wa binti, yaani mwanamke aliyemfunda, anakitandika kile kitanda huku mashangazi wa bwana harusi wamesimama mlangoni, wanatazama kila kitu mpaka mishono ya foronya. Kitanda kikiwa na kasoro, binti ataisikia kasoro hiyo mpaka ana wajukuu. Na huyu hakuwa na mama wa kumjibia. Alikuwa na bibi tu, na bibi alikuwa ameshawaambia wakwe kitanda kinatoka nje.

Nikarudi Boko kujaribu kukitengeneza. Mninga haupindi. Ukiulazimisha unakuambia. Nikajaribu plaiwudi, nikailowanisha, nikaikunja kwa kamba, asubuhi nikakuta imejinyoosha na kuvunja kioo cha kabati la mtu. Nikaenda kwa muuza magodoro Tegeta kuulizia godoro la duara.

"La duara?" akasema. "Mzee, unamlaza nani, sufuria?"

Wote waliokuwa dukani wakanitazama. Mie sio mtu wa kutazamwa namna ile.

Ikabaki wiki moja. Nikampigia mwalimu.

"Bosi wangu, hiyo ndogo," akasema. "Mwambie mzigo upo bandarini."

"Mpaka lini?"

"Bandarini hakuna lini, bosi wangu. Ndio uzuri wake."

Nikampigia bibi Jumapili mchana. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mzigo upo bandarini.

"Bandari ya hapa hapa?"

"Ya hapa hapa."

"Alhamdulillahi. Basi si umeshafika. Mjomba wake yupo kazini pale, ngoja nimwambie akutolee."

Nimekaa Mtoni. Nimelala Mtoni juu ya meza. Najua kwamba pale ukirusha jiwe linampata mtu wa bandarini, au mke wake, au mtu anayemdai. Kumwambia mtu wa Mtoni mzigo umekwama bandarini ni sawa na kumwambia umekwama jikoni kwake. Yule kijana asiye na soksi hakulijua hilo. Mie nilijua, na nikasema.

Dakika kumi hazikupita, mjomba akapiga.

"Shikamoo braza. Nipe namba ya kontena."

"Marahaba. Bado sijaipata."

"Wakala wako nani?"

"Yupo."

"Najua yupo. Anaitwa nani?"

"Ni mpendwa mmoja hivi."

"Meli imeingia lini?"

"Wiki iliyopita."

"Mie wiki iliyopita nilikuwa nashusha meli ya ngano, braza. Kitanda chako kimekuja ndani ya ngano?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Jumatatu nikaenda Mtoni. Vyombo vilikuwa viende Alhamisi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na maelezo mazuri matatu, na moja lilikuwa na ugonjwa ndani yake. Nikamkuta bibi barazani peke yake na ungo, anachagua mchele. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, na maelezo yote yakanitoka kichwani.

"Bibi, kile kitanda sina."

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa.

"Sikukiagiza," nikasema. "Hata kinavyotengenezwa sijui. Ile ni picha tu."

"Najua. Mwanangu aliniambia jana. Alicheka mpaka akakaa chini." Akapepeta. "Fundi, ingia ndani uniletee maji ya kunywa."

Nikainuka, nikasukuma ule mlango wangu. Haukuenda. Nikasukuma tena.

"Unyanyue kwa mguu," bibi akasema bila kugeuka. "Halafu sukuma kwa bega."

Nikaweka ncha ya kiatu chini ya ubao, nikanyanyua, nikasukuma kwa bega. Mlango ukafunguka ukilia, na kwenye sakafu ya saruji nikaona mstari uliochimbika, nusu duara safi kabisa, wa miaka ishirini na kitu.

Kila Idi nilikuwa naukuta wazi, wageni wanaingia na kutoka. Siku ile alikuwa ameufunga. Mpaka leo sijamuuliza kwa nini.

"Tangu lini?" nikasema.

"Tangu masika ya kwanza. Ubao ulikuwa mbichi."

"Na hukuniambia."

"Ulikuja mbio kuniambia umepata kazi mbili kwa ajili ya huo mlango. Ningekwambia nini? Watoto wa nyumba hii wote wameanza kutembea, wakafundishwa kunyanyua mguu, ndio wakafundishwa kuswali."

Nikampelekea maji. Nikakaa. Mninga mkavu sikuwa nao siku ile aliyoniuliza, ni kweli. Niliununua kwenye lori lililotokea Pugu, ukiupigilia msumari unatoa maji. Kwa hiyo yule kijana sitamlaumu kwa yote. Neno "sina" nililiacha mwenyewe, yeye akiwa bado ananyonya. Alichofanya ni kunitoza hela kwa somo nililokuwa nalo.

Mjukuu akatokea uani, mikono ina unga. Bibi akanionyesha kwa kidevu. "Mwambie mwenyewe."

Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya sufuria, nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Anko, nimeshawaambia wote ni cha duara."

"Najua."

"Shangazi wa bwana harusi, yule wa Mbagala, ameshaanza kuniuliza nitapata wapi shuka."

"Hata mie sijui ungezipata wapi."

Akajifuta unga kwenye khanga. Machozi yalikuwa yamemjaa lakini hayakumwagika. "Sasa una nini?"

Miezi yote ile ya mpendwa na inboksi, hakuna aliyeniuliza swali hilo. Nikamwambia nina mninga mkavu, umekaa darini kwangu miaka minne, nilikuwa nautunza kwa ajili ya kitanda changu mwenyewe. Naweza kumfanyia sita kwa sita, chaga za mti mgumu, kitanda asichokisikia kikilia hata siku moja. Siku tatu.

"Ubao wa kichwani uwe duara," akasema.

"Kichwani naweza."

Sitajificha, kile kitanda ni kizuri. Mafundi wanne wa Boko walikuja kukitazama na hakuna aliyepata pa kusema. Ubao wa kichwani niliukata kama jua linavyochomoza, nikaupiga msasa mpaka mkono hauoni unapoanza. Mke wangu alikipapasa akaniuliza na chetu lini. Alhamisi nikakipeleka mwenyewe Mbagala kwa bwana harusi, nikakifunga, nikasimama nje na ngoma.

Bibi ndiye aliyenisimulia ya ndani. Somo alipomaliza kutandika, shangazi akasema, "Sie tuliambiwa cha duara, kinatoka nje." Bibi akamjibu kwamba wameambiwa hivyo kweli, na aliyewaambia ni yeye mwenyewe, na hakikuwepo. Akaishia hapo. Shangazi akagonga ubao kwa kidole, akakaa, akajitikisa kwa uzito wake wote, na ule mwili si haba. Kitanda kimya. Akauliza fundi yuko wapi.

"Yupo Boko," bibi akasema. "Ukienda, muulize kwanza kama anacho."

Picha za watu nimezifuta. Zimerudi zangu saba na kuku yumo. Mwalimu aliniandikia akitaka ushuhuda wa mafanikio yangu, auweke kwenye tangazo la darasa lake jipya. Nikamjibu sina, mpendwa.

Wiki iliyofuata harusi nikaenda Mtoni na mlango mpya uliokauka mpaka mifupa, nikaushusha ule wa zamani, nikapachika huu. Ulikuwa unakwenda kwa kidole. Bibi akaufungua na kuufunga mara tatu, akasema utamchukua muda kuuzoea. Tukaufunga, tukakaa uani na chai.

Alasiri mjomba akarudi kutoka bandarini. Tulimsikia akivua viatu barazani. Hakuna aliyemwambia kitu. Akanyanyua mguu, akapiga bega, na akapita kasi mpaka katikati ya sebule, akatua kwa magoti karibu na kabati la vyombo.

"Nani kagusa mlango?" akasema.