Jogoo Ambaye Katibu Hakumla

Katibu wa chama alipopanda milima ya Vidunda kutuhamishia kijiji cha ujamaa bondeni, mama alimchinjia jogoo wetu wa pekee. Alitaka kumwomba katibu amwache bibi yetu mgonjwa abaki mlimani.

“Nimeshiba, mama,” katibu alisema. Hata mikono hakunawa.

Kwetu, anayekataa chakula chako amekwisha kukataa na ombi lako. Mama akaondoa sahani bila kuomba lolote. Bibi alishushwa kwa machela, akafa kabla ya mvua.

Baada ya miaka mingi ya uuguzi Kilosa, ninamkumbuka katibu siku ile akigeukia ukutani, akikandamiza tumbo na kutafuna vidonge vyeupe. Nadhani alikuwa na vidonda vya tumbo, akaona aibu kiongozi kuugua. Angalisema tu, mama angaliomba.