Kipande cha Taa ya Nyuma

Melania wa Kidahwe aliyaona macho ya wenzake kama uchawi. Walisimama chini ya mchikichi, wakatazama juu, wakasema, "Huu umeiva, ule bado." Kwake yeye mkungu mbivu na mkungu mbichi yote ilikuwa myeusi, kama masizi ya chungu. Tangu azaliwe hajaona rangi hata moja, na jua likipanda ilimbidi afumbe macho nusu. Giza lilipoanza kuingia ndipo alipoona kuliko wote, wakamwita Popo.

Michikichi ile mifupi, ya kukatwa ukiwa umesimama chini, aliachiwa na mama yake. Lakini juma moja alikata mikungu mibichi. Ikachemshwa, ikakamuliwa, mawese hayakujaza hata kikombe. Kaka yake Feliksi akamnyang'anya panga.

"Kuanzia leo nakata mimi. Wewe utachambua tu."

Michikichi ya mama, akatiwe kama mgeni!

Asubuhi moja pikipiki ya Feliksi ikaanguka uani, taa ya nyuma ikavunjika. Melania akawa anafagia vipande huku jua likimchoma macho. Akaokota kipande kikubwa, akakiweka jichoni, ajikinge tu. Jicho likafunguka wazi, bila maumivu! Akageukia shambani.

Majani yote yalikuwa yamezama gizani, na katikati ya giza lile mkungu mmoja ulikuwa unawaka. Akakiondoa kipande: mweusi. Akakirudisha: unawaka!

"Wifi! Wifi Yunisi, njoo mbio!"

Mke wa Feliksi akatoka na mwiko mkononi, akidhani ni nyoka.

"Ule pale, umeiva?"

"Umeiva."

"Na ule wa nyuma yake bado!"

"Bado. We Popo, nani kakwambia?"

"Subiri! Kule mwisho, uliojificha kwenye makuti, umeiva!"

Yunisi akakaza macho, akasogea, akasogea tena. "Eeh! Kweli!"

Feliksi naye akafika, mikono imejaa grisi. "Kwa hiyo kwa kipande hicho chekundu sasa unaiona nyekundu ya mikungu?"

"Naiona!"

"Ikoje?"

Melania akafikiri. "Ni kile kinachobaki vingine vyote vikizimika."

"Hiyo siyo nyekundu," Yunisi akasema. "Huo ni mwanga tu."

"Haya, yako wewe ikoje, wifi?"

"Nyekundu ni... si nyekundu tu! Kama mawese."

"Mawese nayajua kwa harufu. Nieleze nyekundu."

Yunisi akaangua kicheko. Feliksi hakucheka. Aliingia ndani, akarudi na panga.

"Kata. Nakuangalia."

Kipande jichoni, panga mkononi, Melania akaukata ule wa kwanza. Ukatua kwa kishindo, matunda yakatawanyika. Feliksi akaokota moja, akaliminya, mafuta yakamchuruzika vidoleni.

"Sasa taa yangu je?"

"Kanunue nyingine, kaka," Melania akajibu, tayari yuko chini ya mchikichi wa pili. "Hii siirudishi."