Kibuyu cha Tembo Ndani ya Gari la Moshi

Jamani, leo nimelipua zawadi ya baba yangu ndani ya gari la moshi la Mdachi.

Ndiyo, nimelipua.

Mimi na mume wangu tulikuwa tunarudi Morogoro. Tulitembea Bagamoyo, tukateremka na pwani hadi Dar es Salaam, raha tupu. Zawadi tuliyobeba ni moja tu: kibuyu cha tembo la mnazi. Baba alikuwa mpagazi wa misafara ujanani, na tangu miguu ilipomkatalia kushuka mlima, hamu yake ni kulionja tena.

Mgema alituonya, "Msikizibe sana. Kiacheni kipumue."

Lakini povu likaanza kuchuruzikia kanga yangu mpya! Mume wangu kasinzia. Nikachukua kitambaa, nikakishindilia mdomoni mwa kibuyu. Sisi wa Uluguru tumezoea pombe ya mtungini, tembo tungelijulia wapi?

Kufika Ngerengere, PAA!

Behewa zima likanuka tembo. Mdachi wa tiketi akafoka. Chekeni tu, najua mnacheka.

Mimi sicheki. Maana nyumbani, kabla sijafungua mdomo, mume wangu akapiga goti.

"Nisamehe baba, kibuyu chako cha tembo kimepasuka, nilikiziba mimi."

Nami nikanyamaza. Mbele ya baba yangu mzazi, nikanyamaza!

Baba hakugomba. Alivuta pindo la kanga yangu iliyolowa, akalinusa, akafumba macho.

"Ndilo lenyewe," akasema.

Kisha akaniuliza taratibu, "Hamkubakiza hata tone?"